Plasta Nne za Adelheid

Saa tano na robo ya asubuhi, siku ya Ijumaa, Adelheid Krämer alikuwa amesimama jikoni kwake akijibandika plasta kwenye vidole visivyo na jeraha. Alibandika nne, moja kwa kila kifundo, akazitazama, akaona haya, kisha akazikandamiza vizuri zisije zikabanduka kwa mvuke.

Tusimcheke kwanza. Mtu hafiki miaka sabini na moja akaanza kujitengenezea majeraha ya uongo bila kusukumwa na kitu, na kilichomsukuma Adelheid kilikuwa ulimi wake mwenyewe.

Katika vijiji vile vya milima ya Eifel, chapati za viazi, chakula cha kila Ijumaa, hazina siri. Kiazi kibichi hukwaruzwa, maji yake yakakamuliwa kwa kitambaa, kikatiwa kitunguu, yai na chumvi, kisha huchotwa kwa kijiko na kukaangwa kwenye mafuta mengi mpaka kingo zikauke na kuwa kahawia. Hayo kila nyumba inayajua. Ila nyumba nyingi siku hizi zina mashine, na nyumba za wavivu, kama Adelheid alivyopenda kuziita, hununua pakiti za donge lililokwisha kutengenezwa kwenye friji za madukani. Nyumbani kwake yeye ilikuwa mkono mtupu na bati la kukwaruzia alilorithi kwa mama yake, bati ambalo meno yake yalikuwa yameshakula vidole vya wanawake watatu. Kuchubuka ndiyo ilikuwa fahari yenyewe. "Chapati isiyo na damu kidogo haina ladha," alizoea kusema. Watu walicheka, naye akajiona malkia wa viazi.

Miaka mitatu nyuma alikuwa ameenda kula kwa kaka yake Winfried. Mechthild, mke wa Winfried, aliandaa chapati za viazi kwa ukoo mzima. Adelheid aliuma kipande, akatafuna, akaweka uma chini, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa meza, "Wifi, hii si gundi ya kubandikia karatasi za ukutani?" Meza ikaangua kicheko, na aliyecheka kupita wote ni Eckart, mumewe Adelheid. Mechthild akawa mwekundu mpaka shingoni, akakiri kwamba alinunua pakiti. Winfried peke yake hakucheka.

Tangu siku hiyo Winfried na mkewe hawakukanyaga tena kwa Adelheid, wala yeye hakukanyaga kwao, ingawa kati ya nyumba hizo mbili ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Alisema hawezi kujishusha na hali amesema kweli. Mwezi wa tatu mwaka huu Winfried akafa kwa moyo, ghafla, na Adelheid akamzika kaka yake wa pekee akiwa amesimama safu ya tatu kama jirani.

Mwezi wa kumi alimpigia simu Mechthild. Akamwomba aje Ijumaa moja wale pamoja.

"Nitakuja," Mechthild alisema. "Lakini unikwaruzie kwa mkono wako, Adelheid. Kama ulivyokuwa ukimkwaruzia Winfried. Hilo tu ndilo nataka."

"Kwa mkono wangu," Adelheid akaapa. "Haki ya Mungu."

Ndipo mikono ikamgeuka. Baridi yabisi ilikuwa imeingia kwenye vidole gumba tangu mwaka uliopita, na alikuwa ameificha hata kwa mumewe. Alhamisi alichukua bati na kiazi akaanza. Kiazi cha tatu hakijafika nusu, kidole gumba cha kulia kikakakamaa, maumivu yakampanda mpaka kwenye kiwiko na kiazi kikamtoka na kudondoka sakafuni. Angeweza kumwita Eckart amsaidie. Angeweza kumpigia Mechthild akamwambia ukweli. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mwenye kuwatukana akishikwa na uchungu huona aibu kuwaita. Adelheid alivaa koti, akapanda basi mpaka mji wa Mayen ambako hajulikani, akanunua pakiti nne, akazificha chini ya vitunguu vya majani.

Uongo una kazi nyingi kuliko viazi. Pakiti tupu hazikuweza kutiwa kwenye mfuko wa njano wa taka za plastiki, kwa sababu mfuko ule unaonyesha ndani, na jirani yake Bi Lenz huisoma mifuko ya watu kama gazeti. Akazifunga kwenye karatasi na kuzisukumia kwenye pipa la taka za kawaida, naye maisha yake yote hakuwahi kukosea pipa. Maganda ya vile viazi vitatu akayaacha yaonekane kwenye sinki. Bati akalilowesha na kulisimamisha mbele ya dirisha. Kitunguu alikikata mwenyewe, apate ladha na macho mekundu. Mwisho zikaja plasta.

Mechthild alifika saa sita kamili, amekonda, amevaa sweta la Winfried la kijivu. Walishikana mikono mlangoni kama watu wa ofisini. Mezani sebuleni walikuwepo Eckart na binti yao Silke, aliyechukua ruhusa kazini kwa ajili ya siku hiyo. Mkate mweusi ulikuwa tayari, na matufaha ya kupondwa, na asali nyeusi ya viazisukari, na kahawa. Adelheid akarudi jikoni kukaanga, akawa anapeleka sahani moja moja zikiwa bado zinachemka mafuta.

"Mh," alisema Silke, mdomo umejaa. "Mama, hizi ndizo zenyewe. Mkono ni mkono bwana."

"Si nilikwambia?" Eckart akajibu. "Mashine haiwezi. Tazama vidole vya mama yako, plasta nne. Mwanamke anamwaga damu kwa ajili yetu."

"Kula, acha maneno," Adelheid alimwambia.

Lakini Eckart akishaonja kitu kizuri huwa haachi maneno. Alimgeukia Mechthild akimkonyeza. "Umeionja, shemeji? Hii sasa ndiyo chapati. Siyo ile gundi yako."

Adelheid alihisi uso wake unawaka kuliko kikaango. Mechthild alikuwa anatafuna taratibu, hatazami mtu. Alimeza, akafuta midomo, akaitazama mikono ya wifi yake iliyoshika sahani, akaitazama tena.

"Ngoja nikusaidie jikoni," alisema, akanyanyuka.

Akaufunga mlango nyuma yao. Mafuta yalikuwa yanachachatika. Mechthild alisogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Wifi, kiazi unakishika kwa mkono gani?"

Adelheid aliinua mkono wa kulia kabla hajafikiri. Ulikuwa mkavu, mzima, hauna hata mkwaruzo. Plasta zote nne zilikuwa kwenye mkono wa kushoto, mkono unaoshika bati, mkono ambao tangu dunia iumbwe haujawahi kuchubuka kwa mtu yeyote anayekwaruza viazi. Alikuwa amezibandika kwa mkono anaoutumia kwa kila kitu, na hakuona. Alitamani sakafu ipasuke immeze na kikaango chake.

Mechthild alimshika ule mkono wa kushoto, akabandua plasta moja, akakuta ngozi nzima, akairudishia plasta na kuikandamiza kwa kidole gumba, polepole, kama afanyiwavyo mtoto.

"Hata bila plasta ningejua," alisema. "Nimezila hizi miezi yote tangu alipokufa. Nani anamkwaruzia viazi mtu mmoja?"

"Mechthild, vidole vyangu—"

"Naviona. Vimevimba." Akachukua sahani iliyojaa. "Sitawaambia. Mimi nimeshachekwa, najua kulivyo."

Akatoka. Kupitia mlango uliobaki wazi Adelheid akamsikia akisema mezani, "Kachubuka kweli, maskini. Hebu mwacheni leo asioshe vyombo."

Afadhali angemuumbua. Hilo ndilo lililomjia Adelheid pale kwenye jiko, kijiko mkononi: afadhali angepiga kelele mtaa mzima usikie. Alikata kipande cha chapati iliyokuwa kikaangoni akakitia mdomoni. Kilikuwa kitamu. Kingo zake zilikatika vizuri, ndani laini. Na akakumbuka kitu alichokuwa amekizika miaka mitatu, kwamba siku ile kwa Winfried alipouma kipande cha kwanza ladha ilikuwa hiihii, na wazo lake la kwanza lilikuwa: mbona ni sawa na zangu. Hakuweka uma chini kwa sababu ya ubaya. Aliuweka kwa hofu.

Akazima jiko. Akaenda akasimama mlangoni mwa sebule na aproni yake.

"Eckart, nyamaza kidogo."

"Sijasema kitu."

"Hizi ni za pakiti. Nimezifuata Mayen kwa basi. Pakiti ziko kwenye pipa la taka, ukitaka nenda kazitazame."

Silke alicheka, akadhani ni utani, halafu akamwona mama yake usoni na kicheko kikamwishia. Eckart alibaki na uma hewani.

"Na wewe, wifi," Adelheid akaendelea, "zako hazikuwa gundi. Zilikuwa tamu. Nilijua palepale, kinywani. Nilisema uongo mbele ya watu, nikakuaibisha nyumbani kwako, na sasa naona aibu hata kukutazama."

Mechthild alisogeza kikombe chake, akakirudisha pale kilipokuwa.

"Winfried alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Kwamba zilikuwa tamu. Zilizobaki alizila kesho yake asubuhi, za baridi, akasema dada yake ni mwongo. Nikamwambia basi twende kwake tuyamalize, ni dakika kumi tu. Akakataa." Mechthild alivuta mkono wa lile sweta la kijivu ukafunika vidole vyake. "Akasema, tumngoje. Namjua Adelheid, leo hawezi. Lakini mikono yake nayo itazeeka, na siku hiyo atakuja mwenyewe."

"Akasema hivyo?"

"Akangoja, wifi. Kila Ijumaa alikuwa akiniambia nisifunge mlango wa mbele."

Adelheid aliitazama mikono yake, wa kushoto na plasta zake nne, wa kulia usio na kitu, akakosa pa kuiweka.