Kufuli la Gao

"Ondoka hapo, mama! Bomba linafunguliwa nikitaka mimi!"

"Ukitaka wewe nani?" Koka alilibwaga dumu lake tupu miguuni pa Gao. "Juzi unakuja kwangu kuomba moto, leo unanipimia maji?"

Tangu wakubwa wa ofisini wampe Gao koti la vifungo vya shaba na ufunguo wa bomba, kijiji kizima kule Kalahari kilikuwa kikipanga foleni na kubembeleza. Asubuhi hiyo akaongeza jingine: tandala aliyemuua jana angegawanywa na yeye mkuu, na aliyemnunia asipate mnofu wala tone. Koka ndiye aliyenuna wa kwanza. Wajukuu zake wawili walikuwa ndani, midomo imewakauka.

"Tandala mnono vile kaua nani?" Gao alijipiga kifua. "Semeni!"

Watu wakaguna. Mwindaji mwenye adabu husema kapata kijinyama cha kutupa, na wenzake wakamsaidia kukitukana. Huyu anajisifu!

Koka akacheka, cheko la hasira. "Baba Debe, lete ule mshale uliotoka kwa mnyama."

Mumewe akauinua juu. Mistari mitatu myekundu: alama ya Koka. Gao aliuazima wakati wa mvua, akasahau. Na kwa desturi yao nyama ni ya mwenye mshale, hata kama siku ya mawindo alikuwa amelala zake.

"Mnyama wangu," alisema Koka. "Na utapata sawa na wote, maana mimi sina ugonjwa wako. Ah, nasema uongo, ninao! Sote tumezaliwa nao. Nipe mimi huo ufunguo, keshokutwa nitataka mnipigie magoti. Ndiyo maana wazee wetu hawakumpa mtu yeyote ukuu."

"Mimi ndiye mkuu!"

"Wa nani? Baba Debe, funga mizigo. Tunarudi kisima cha zamani. Anayetaka aje."

Vyungu vikapanda vichwani, ngozi mabegani, kibanda baada ya kibanda. Gao akabaki analinda maji yasiyo na mnywaji, jasho linamchuruzika ndani ya koti. Mwishowe akafungua kufuli, akalivurumisha miibani, ufunguo nao ukafuata. Akalijaza dumu la Koka, akalibeba mwenyewe hadi mlangoni kwa Koka, ambako msafara ulikuwa bado unakusanyika.

Koka alikuwa bado amefura. "Kamnyama kenyewe kamekonda, hakafai hata mbwa," alisema, akimkazia macho.

Gao akalitua dumu chini.

"Mifupa mitupu," Gao akajibu kwa sauti ndogo. "Niliona aibu hata kukapiga."

"Haya, vua hilo likoti, litaingia mafuta. Ingia ule."