Kitufe cha Mama Chanda

Kwenye daftari lake la mistari Edith alikuwa amegawa ukurasa katikati. Kushoto programu ya kwanza, kulia programu ya pili. Wiki ya tatu hiyo anazipima, na macho yalikuwa yamechoka kama ya mtu aliyechambua mchele wa arusi nzima.

Kazi yake ilikuwa hivi. Katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, mtaani Katuba, palikuwa na serveri moja kubwa, nyeusi, inayovuma kama kinu cha unga, na betri sita chini yake za kushikilia umeme unapokatika. Programu ndiyo iliyoigawa mashine hiyo ikawa mashine ndogo kumi na mbili, kama mwenye nyumba anavyogawa vyumba, kila mpangaji na mlango wake. Mpangaji mkubwa alikuwa Laurent, mwenye ofisi ya kuandikisha malori mpakani Kasumbalesa. Mashine ndogo ikikwama, sharti mtu aizime na kuiwasha upya. Mtu huyo alikuwa Edith, kila siku, miaka saba.

Mwaka jana, walipokuwa wanamzika baba yake kule Lukafu, sanduku lilikuwa bado mabegani mwa watu simu ilipolia. Malori arobaini yamesimama, Laurent alisema. Edith akapanda kichuguu kutafuta mtandao, akahangaika huko juu, na aliposhuka akakuta udongo umekwisha kusawazishwa, shemeji zake wananawa mikono. Hakutupa hata konzi moja. Sasa Jumamosi hii matanga ya baba yangeondolewa huko huko Lukafu, na alikuwa ameapa kwamba simu ingebaki begini, imezimwa. Kwa hiyo alitafuta programu yenye ubao wa vitufe, ambao mpangaji angeufungua kwenye simu yake akajihudumia mwenyewe.

Ubao wa programu ya kwanza ulikuwa na rangi kama kitenge kipya, na kila mwenye neno la siri alipata vitufe vyote. Wa pili ulikuwa wa kijivu, kama ubao wa shule uliofutwa vibaya, lakini ulikubali kufungwa kitufe kimoja kimoja. Jumatatu akamwekea Laurent ule wa rangi. Jumanne, kabla ya saa sita mchana, mashine ya Laurent ilikuwa imezimwa na kuwashwa mara thelathini na moja.

Edith akafunga kitambaa kichwani, akapanda gari la Kasumbalesa.

Neno la siri aliliona kabla hajasalimia. Lilikuwa limeandikwa ukutani kwa makaa, juu ya bidoni ya maji, herufi kubwa kubwa, ili hata madereva walisome.

"Papa Laurent, ile haiko ya kuonesha bantu."

"Maman, apa shiye bote ni famille. Muntu akuye na haraka yake, nimwambie angojee miye?"

"Réseau ikichelewa, tunafinya," dereva mmoja akasema, mdomo umejaa mahindi, kidole gumba kikionesha wanavyobonyeza mtandao ukisita. "Ikichelewa tena, tunafinya tena."

"Na karatasi ya mwenzako yenye walikuwa wanaandika, haipotee?" Edith akauliza.

"Iyo sijue. Yangu ilipita."

Edith akaketi kwenye benchi, miguu imemvimba. Kando yake alikuwa Mama Chanda, mzee anayefagia ofisi hiyo. Karani mmoja akaja, akamwinamia.

"Mama, nipe cachet."

"Juu ya nini?"

Karani akaeleza sababu, akaonesha karatasi yake. Mama Chanda akaisoma pole pole, kidole kikifuata mistari, halafu akafungua fundo la kitenge chake, akatoa muhuri wa ofisi. Akasimama pale pale mpaka muhuri ukarudi mkononi mwake.

"Anauchunga tangu lini?" Edith akauliza.

"Miaka kumi," Laurent akasema. "Makarani bote baliipotezaka. Yeye hapana. Hata miye patron, ananiulizaka juu ya nini."

Edith akautazama muhuri ukifungwa tena kwenye fundo la kitenge. Alirudi Katuba, akashinda siku nzima anahamishia mashine kwenye programu ya kijivu, moja moja, akinakili kila moja kwanza, akisubiri, akinywa chai iliyopoa. Ya Laurent akaifunga vitufe vyote, akaacha kimoja tu, cha kuwasha upya. Alhamisi akarudi mpakani na kukiweka kitufe hicho kwenye simu ya Mama Chanda.

"Sasa mufagiaji njo atatawala serveur?" Laurent akanung'unika.

"Na cachet, nani anaichunga?" Mama Chanda akajibu bila kumtazama. Akamgeukia Edith. "Mutoto yangu, nifinye saa gani?"

"Wakikuambia juu ya nini, na weye mwenyewe umeona ni kweli."

"Basi ni kazi ileile."

Jumamosi, walipofika kaburini na msalaba mpya, mkono wa Edith ulikwenda wenyewe kiunoni kutafuta simu. Haikuwepo; ilikuwa begini, imezimwa. Akainama, akachukua konzi ya udongo, akaimwaga juu ya kaburi, akachukua nyingine, na nyingine, mpaka dada yake akamwambia inatosha, wengine wanangoja. Akasogea kando, akaketi mkekani, mwili wote unamuuma kama aliyeshuka lori la safari ya siku tatu.

Jumapili mchana, kwenye kichuguu kile kile, ndipo alipowasha simu. Ujumbe ulikuwa mmoja tu, wa Mama Chanda.

"Balikuya mara tisa. Nilifinya mara moja. Pole na kilio."

Edith akausoma mara mbili, akaizima simu, akashuka, akajilaza mkekani na viatu vyake miguuni.