Jina Lililozidi Nafasi

Kwa siku nne mfululizo mtandao wa ofisi ulikatika saa tisa alasiri, na lawama zote zikamwangukia Mama Pacha. Programu ya kuzigawia kompyuta anwani aliiandika yeye, na wiki iliyotangulia alikuwa ameibadilisha.

Siku ya tano, programu ilipoanguka tena, alipekua faili ya kumbukumbu za matukio yake. Mstari wa mwisho ulikuwa uleule kila siku, jina la kompyuta iliyokuwa ikiomba kuingia:

kompyuta-ya-shangazi-usiizime-bado-nafanya-kazi

Shangazi, kama ofisi nzima ilivyomwita mfasiri wa ghorofa ya tatu, alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Jina hilo aliliweka kwa utani, kumjibu Mama Pacha aliyemsumbua kila jioni: "Zima mashine, Shangazi, nifanye matengenezo."

Alimwita mlinzi, wakapanda. Mlinzi alifungua mlango, akaganda kizingitini.

"Mimi hapa pananitosha," alisema.

Sweta ilikuwa bado mgongoni mwa kiti. Kompyuta ilikuwa inawaka, feni ikivuma. Shangazi aliitega ijiwashe yenyewe kila siku saa tisa, akitoka kula, na ijizime usiku wa manane, na hakuna aliyekumbuka kuchomoa waya. Mama Pacha aliushika, akauachia.

Alirudi mezani kwake. Kosa lilikuwa wazi. Toleo jipya lilitenga nafasi ya herufi thelathini na moja tu, lakini lilinakili jina zima bila kulipima. Herufi zilizozidi zilimwagikia sehemu ya jirani, programu ikapotea njia. Mwenye nia mbaya angeweza kupenyeza amri zake papo hapo. Aliandika mistari mitatu: pima kwanza, kata kinachozidi, ndipo unakili.

Kesho yake saa tisa programu haikutikisika. Kwenye orodha likajitokeza jina lililokatwa:

kompyuta-ya-shangazi-usiizime-b

Mama Pacha alifunika uso. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Siku ile ya msiba, jina hilo lilikaa kimya kwenye orodha tangu saa kumi, bila kazi yoyote. Aliliona. Akajisemea, huyu kaondoka bila kuzima, kama kawaida yake. Mfagiaji ndiye aliyemkuta sakafuni asubuhi iliyofuata.

Mdogo wake Shangazi, mwanamume mpole, alipokuja kuchukua kompyuta, Mama Pacha alimweleza yote. Alisikiliza huku akiviringisha waya mkononi.

"Kwa hiyo wewe ndiye wa mwisho kumwona?"

"Niliona jina tu, kaka."

"Ungepanda, angepona?"

"Sijui."

Hakumlaumu, wala hakumwambia amemsamehe. Aliikumbatia kompyuta, akashuka ngazi.

Mtandao haujakatika tena. Lakini jina la yeyote likikaa kimya mno, Mama Pacha huacha kazi, akapanda kubisha hodi.

"Nipo, jamani, nasoma tu!" humjibu wakicheka.

Yeye hacheki. Husimama hapo mlangoni mpaka amwone mtu akijongea.