Damu Iliyobaki Mfukoni

Kama kungoja kungekuwa dawa, wagonjwa wa hospitali ile wangepona wote mlangoni. Fundi mizani alikuwa kwenye foleni ya maabara tangu saa moja asubuhi, kichupa cha damu ya mama yake kikiwa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Hospitali nzima, na ghorofa zake tatu, haikuwa na mtu wa kubeba vichupa. Damu ilitolewa wodini, ndugu wa mgonjwa akaipeleka maabara mwenyewe. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ndio utaratibu.

Mama yake alikuwa apasuliwe keshokutwa, Alhamisi, aondolewe uvimbe tumboni. Zamu hiyo aliingoja miezi mitano. Daktari wa upasuaji alitaka kitu kimoja tu: kipimo cha figo.

"Figo zikiwa mbovu, anaweza kunifia mezani," alisema. "Nileteeni majibu leo. Bila majibu, zamu yake anapewa mwingine."

Juu ya dirisha la maabara palibandikwa tangazo: TABASAMU LETU NI TIBA. Chini yake aliketi karani, amenuna kama aliyelazimishwa kuzaliwa.

"Shikamoo, mzee," fundi alisema.

Shikamoo haikujibiwa. Labda nayo ilihitaji muhuri.

"Fomu!"

Fundi akaipitisha fomu. "Na damu yenyewe..."

"Kaa kwenye benchi, utaitwa."

"Lakini mzee, damu..."

"Nimesema utaitwa! Au tukupime na masikio?"

Benchi zima likacheka, kile kicheko cha watu wanaojipendekeza kwa dirisha. Fundi akakaa, uso umemwiva. Bibi mmoja mwenye kikapu akamgusa goti.

"Mjukuu wangu, nyamaza. Huyo ukimuudhi anafunga dirisha anakwenda kunywa chai, na chai yake haina mwisho."

Saa tano karani akaita, "Wa figo!" Fundi akainuka, mkono uko mfukoni kutoa kichupa. Kabla hakijatoka, alisukumiwa karatasi. Ina sahihi, ina muhuri. Imeandikwa: Figo, kawaida.

Akaitazama karatasi. Akakitazama kifua chake. Kichupa kilikuwa palepale, kina joto kama yai chini ya kuku.

"Haya majibu ya nani?"

"Ya mama yako. Hujui kusoma?"

"Mmepima nini?"

"Damu, kaka. Hapa tunapima ndizi?"

Fundi akakiweka kichupa dirishani, taratibu. Karani akakiangalia kama mtu aliyefumaniwa na mkwewe akiwa hajavaa. Siku zote alikumbuka kupokea damu kwanza, kisha akaimwaga baadaye. Leo uvivu ulimzidi hata kwenye uongo.

Sauti ikashuka. Ghafla alikuwa na adabu.

"Sikiliza, ndugu yangu. Mashine imekufa, wiki ya tatu sasa. Tukiandika haijapimwa, watu wanakosa zamu. Sisi tunawasaidia. Chukua, mama akatibiwe. Wenzako wote wameshukuru."

Hapo fundi alibanwa. Karatasi ile ilikuwa zamu ya mama. Miezi mitano alimwona akilala upande mmoja, akisema haumwi. Angeikunja tu, apande ngazi, na keshokutwa mama aingizwe chumba cha upasuaji akitabasamu.

Lakini kazi yake ilikuwa mizani. Maishani mwake alikuwa amekutana na mizani zinazosoma namba ileile, uweke gunia au unyoya. Zote alizivunja mbele ya wenye mizani.

"Mimi mizani iliyokufa naivunja," alisema. "Wewe umepewa kiti na muhuri."

Akachukua karatasi na kichupa, akapanda kwa daktari, akaviweka mezani.

Daktari akasoma. "Vizuri. Kawaida."

"Na hii ndiyo damu iliyopimwa, daktari. Majibu yalitoka ikiwa bado mfukoni mwangu."

Daktari akavuta mafaili ya Alhamisi, akayafungua moja moja. Sita. Kawaida, kawaida, kawaida. Mwandiko mmoja, kalamu moja, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu ya kuandika.

"Wiki iliyopita mmoja hakuamka," alisema, kama anajisemea. "Tukasema ni moyo."

"Mkasema," fundi alijibu. "Hamkupima."

Daktari akashika kalamu, akakata orodha yote ya Alhamisi. Kisha akaandika barua ya kumpeleka mama hospitali ya mji wa pili, mwendo wa siku nzima, ambako mashine ilisemekana inafanya kazi. Fundi akaichukua barua, na kichupa chake pia.

Wodini mama alikuwa ameketi kitandani, nywele amezifunga vizuri kama anayengoja wageni.

"Wamesemaje?"

"Zamu imekwenda, Mama, tunapelekwa mji wa pili. Walikuandikia majibu bila kukupima."

"Nilikuwa mzima au mgonjwa?"

"Mzima."

Mama akaguna. "Na uvimbe huu wote. Huko tunakokwenda, nitaanza mwisho wa foleni?"

"Mwisho kabisa."

Akaweka mkono tumboni. Halafu akaunyoosha.

"Lete kichupa."

"Cha nini, Mama? Damu imeshaharibika."

"Hata ikiharibika ni yangu. Siwaachii watu hawa hata tone." Akakifunga kwenye pembe ya mtandio, mafundo mawili, akashusha miguu chini. "Nivalishe viatu, tuondoke."