Mikono Penye Pazia

Fundi aliwajua waumini wote wa msikiti ule kwa soli zao. Alikuwa mshona viatu, na kiziwi tangu kuzaliwa; wengine humtambua jirani kwa sauti, yeye alitazama kiatu tu. Imamu alikanyagia vidole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Katibu wa kamati alilalia kisigino cha kulia, na kila baada ya miezi mitatu viatu vyake vilirudi kibandani kwa Fundi kutiwa kisigino kipya.

Kwa miaka arobaini Fundi alikwenda Ijumaa, akakaa safu ya mbele, akatazama ndevu za imamu zikipanda na kushuka. Imamu wa kwanza akafa, akaja wa pili, ndevu zikabadilika rangi, na Fundi hakuambulia hata neno. Wenzake walipolia, alijua kuna la kuliza. Walipocheka naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Akirudi nyumbani mkewe humuuliza kwa mikono hotuba ilihusu nini, naye hujibu, "Ilikuwa ndefu."

Binti yake, mwalimu wa shule ya viziwi, ndiye aliyechoka. Ijumaa moja alisimama upande wa wanawake, akalivuta pazia shibiri mbili, na baba yake akakaa mwisho wa safu, karibu naye. Imamu akasema, na mikono ya binti ikasema. Hotuba ilihusu haki ya jirani, jambo la kawaida kabisa, na wazee wawili walikuwa wamekwisha kusinzia. Fundi alilia mpaka kola ya kanzu ikalowa.

Kabla wiki haijaisha aliitwa kwenye kamati.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, meza moja, viti vitano, na kabati la misahafu lisilofunga vizuri. Binti alikaa ubavuni mwa baba yake kufasiri. Fundi alikuwa amemkataza kulainisha neno lolote: tusi lije kama lilivyo.

"Mtume hakulifanya hili," alisema Katibu. "Masahaba hawakulifanya. Hii ni bidaa, uzushi katika dini, mzee wangu. Leo mikono, kesho ngoma."

Katibu hakuwa mtu mbaya, lazima lisemwe. Alikuwa ameuona msikiti wa mtaa wa pili ukigawanyika kwa jambo dogo kama hilo, ndugu wa tumbo moja wakaacha kusalimiana, naye akaapa kwake halitatokea. Lakini woga wa mtu mwema nao huumiza.

Fundi alijibu, na binti akampa sauti yake. "Kipaza sauti mlikinunua mwaka gani?"

"Kipaza sauti ni kingine. Kinapeleka maneno yaleyale ya imamu."

"Wanaosikia mliwaongezea wasikie zaidi, mkasema ni maslahi. Mimi nisiyesikia kabisa nikipewa kidogo, mnasema ni bidaa."

"Na nani anajua kama binti yako haongezi chumvi?" Katibu alipiga meza. "Nani kati yetu anaijua lugha hiyo amsahihishe?"

"Hakuna," alisema Fundi. "Na imamu anapotufasiria Kiarabu, kati yenu nani anamsahihisha?"

Imamu alikohoa, akaiangalia meza kama aliyepoteza kitu juu yake. Alikuwa na elimu nyingi na uti wa mgongo mwororo, na wote chumbani walilijua hilo. Kamati ikaamua pazia lifungwe.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Katibu alinong'ona walipokuwa wakiinuka. Binti alisita, kisha akafasiri, kama alivyoagizwa.

Fundi akacheka kwa tumbo zima. "Mwambie langu lilikufa zamani, na tulishalizika. Sasa tuliangalie lake."

Njiani kurudi nyumbani binti hakucheka. "Baba, nikirudia watanifukuza msikitini. Wewe watakuacha, mimi nitatolewa."

"Basi tutakuwa nje wawili," alisema Fundi. "Mimi nje nimekaa miaka arobaini nikiwa ndani. Nitakuonyesha pa kukaa."

Ijumaa iliyofuata hakwenda peke yake. Alikwenda na viziwi wenzake watatu, wote wamepiga kanzu safi, wakakaa mwisho wa safu. Katibu aliwaona, akabadilika rangi.

Muadhini alisimama kutoa ukumbusho wake wa kila Ijumaa, ule ambao waumini wameuzoea kiasi cha kutousikia tena. Pazia likavutwa shibiri mbili. Mikono ya binti ikaanza, na kwa mara ya kwanza maishani Fundi akaupata ukumbusho wenyewe: imamu akihutubu, watu wote wanyamaze, na hata anayemwambia mwenzake anyamaze, huyo naye ameiharibu Ijumaa yake.

Loo! Miaka yote hiyo, kumbe kulikuwa na sharti, na hakuna aliyemwambia.

Fundi akaiweka mikono yake magotini. Akawageukia wenzake watatu, akawatazama mpaka nao wakaweka ya kwao.

Imamu akapanda mimbari, akaanza. Dakika ya tatu hivi binti aliashiria neno ambalo Fundi hakulishika. Vidole vyake vilitaka kuuliza, "Umesemaje?" Vilimwasha. Akavikandamiza magotini, neno likapita.

Ndipo Katibu aliposimama katikati ya safu. Fundi aliuona mdomo wake ukifunguka mara mbili, mishipa ya shingo imetoka, mkono umenyooka kuelekea pazia. Mikono ya binti ikampa baba maneno hayo pia, kwa kuwa alikatazwa kulainisha: "Nyamaza! Funga hilo pazia!"

Vichwa vyote viligeuka. Havikugeukia pazia. Vilimgeukia Katibu, na hakuna aliyeweza kumwambia kitu, maana kila mmoja alikuwa akiichunga Ijumaa yake. Mkono wa Katibu ulishuka taratibu. Aliketi kama gunia lililofunguliwa kamba. Imamu aliangalia pazia, akaangalia kanzu nne mwisho wa safu, akaendelea kuhutubu. Sasa alihutubu polepole, na kila baada ya maneno machache alisimama hadi mikono ya binti imalize.

Baada ya sala Katibu alimngoja Fundi mlangoni, penye viatu. Macho yalikuwa mekundu. Alimwelekea binti.

"Mwambie baba yako mikono ni maneno. Kama mimi nimeiharibu Ijumaa yangu, yeye ameiharibu yake."

Fundi aliinama kwanza, akaviokota viatu vya Katibu katika lundo lile bila kuvitafuta, akamwekea miguuni. Kisha akasema, na binti akalitoa neno kwa sauti iliyofika hadi uani:

"Mikono ya binti yangu ilisema maneno ya imamu, na yako yalipoingia. Mikono yangu ilikuwa magotini. Hukuwahi kuitazama; leo je, uliiona ikitikisika?"

Katibu aliingiza miguu viatuni.

"Miaka arobaini nimekuwa bubu humu ndani," Fundi alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimenyamaza. Ijumaa ijayo nitanyamaza tena."