Barafu Anapelekwa Thelujini

Niambieni, mtu anayechoma mkaa kutwa, ukimpa likizo utampeleka akakae kwenye tanuri? Basi mke wangu, akili zake timamu kabisa, Jumamosi moja alisukuma chupa ya chai pembeni, akanifungulia kijitabu chenye picha za milima myeupe, akasema mwaka huu tunakwenda kuona theluji.

"Theluji," nikasema.

"Theluji. Siku kumi. Kuna hoteli, kuna mlima, watu wanavaa mbao miguuni wanateleza."

Mimi ni mtu wa ghala la baridi. Miaka kumi na saba napanga maboksi ya samaki kwenye nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Naingia saa moja asubuhi, natoka kope zimeganda, naota jua robo saa karibu na geti, narudi tena ndani. Kazini wananiita Barafu, kwa sababu sijawahi kulalamika. Vijana wapya wakitoka mbio huku wanapuliza mikono, huambiwa wamwangalie Barafu. Likizo yangu ni siku ishirini na nane kwa mwaka, na hizo siku nazitaka kwenye kiti cha plastiki, nje, juani, bila shati. Sidhani kama naomba makubwa.

Na mwaka huu nilikuwa na sababu nyingine, ambayo sikumwambia. Vidole vyangu vya mikono vimekufa. Si vyote, lakini vya kutosha. Vinakuwa vyeupe mpaka kwenye kiungo cha pili, na siku hizi hata vikirudi rangi, havirudi hisia. Muuguzi wa kazini alivishika, akavigeuza, akafunga mlango wa chumba chake ndipo akasema: ukiviweka tena kwenye baridi hivi, tutaongea habari za kukata. Chukua likizo, kaa kwenye joto, nenda hospitali. Likizo nilichukua. Hospitali nikasema nitakwenda, si leo si kesho. Mtu akishajulikana ana vidole vibovu, ghalani hana kazi, na nyumbani anaanza kuangaliwa kwa huruma. Nisiwafiche, niliogopa. Na aibu ilikuwa kubwa kuliko hofu.

Kwa hiyo nilipigana na theluji kwa kila neno isipokuwa lile la kweli. Nikasema ni mbali. Akasema tunapanda ndege, hatuendi kwa miguu. Nikasema magoti yangu. Akasema magoti yanayopanda ngazi za ghala kutwa hayawezi kushindwa na mteremko. Nikasema watu wa umri wetu wakianguka wanavunjika kiuno. Akasema tutateleza palepale wanapofundishiwa watoto wa chekechea.

"Au ni baridi inayokusumbua?" akauliza, ananitazama usoni. "Si umesema siku zote umeizoea?"

Ningejibu nini? Nikajikaza kisabuni. "Baridi si kitu," nikasema.

Hapo nikawa nimejifunga mwenyewe. Kesho yake akaja shemeji, mdogo wake mke wangu, anayefanya kazi kwenye ofisi ya tiketi za ndege. Huyu mwanamke akianza kuongea hata redio inaona haya. "Shem, wewe huko ndiyo utakuwa mwalimu wetu," akasema kabla hajakaa, na tangu siku hiyo sikupata amani. Mara soksi za sufu, mara miwani ya kuzuia mwanga wa theluji, mara mafuta ya midomo. Mimi na mafuta ya midomo wapi na wapi? Nikiketi nje na gazeti, naitwa ndani kuulizwa kama mguu wangu ni arobaini na mbili au arobaini na tatu.

Jumatano walikwenda mitumba wakarudi na koti la rangi ya chungwa, zito, zipu imeng'ang'ania katikati. Wakanivalisha sebuleni, mchana wa jua kali, feni ikizunguka bure.

"Geuka, shem."

"Nimegeuka."

"Mikono juu."

"Mnanipekua?"

Jirani alipita dirishani, akasimama, akaangalia, akaondoka bila kusalimia. Jasho lilikuwa limeshafika kwenye soksi. Mke wangu akaleta mifagio miwili, akaigeuza juu chini, akanipa mmoja mkono huu na mwingine mkono ule. Eti nifanye mazoezi ya zile fimbo za kutelezea. Mfagio wa kulia ukaniponyoka. Nikasema mpini una mafuta. Akauokota, akaufuta kwenye kanga, akanirudishia, nao ukaanguka tena. Nikawaambia wanaharibu siku yangu kwa upuuzi, nikatoka na koti lao mgongoni, maana zipu iligoma kufunguka.

Jumamosi iliyofuata ikaletwa fomu. Tulikaa mezani watatu. Shemeji alikuwa anasoma, mke wangu anaandika, mimi najibu kama mshitakiwa.

"Msafiri ana ugonjwa wa moyo?"

"Hana."

"Pumu?"

"Hana. Hana chochote, andikeni hana tumalize."

Shemeji akakohoa kidogo. "Je, msafiri hupata ganzi, au vidole hubadilika rangi akiwa kwenye baridi?"

Kalamu ya mke wangu ikasimama. Mimi nikaangalia kitambaa cha meza. Jamani, nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, kazi yangu ilikuwa kupita tu.

"Hapana," nikasema.

"Hapana?" akauliza mke wangu.

"Nimesema hapana. Mnataka niape?"

Akanisukumia karatasi. "Haya, weka sahihi."

Niliivuta fomu, na kwa kuwa mkono ulikuwa unachelewa kuishika kalamu, nikajifanya nasoma. Moyo. Pumu. Jina la mtu wa kumpigia simu ikitokea dharura. Nikarudi juu, nikashuka tena na kidole. Swali la ganzi halikuwepo.

Nilipoinua macho, shemeji alikuwa ameshabeba mkoba, anasema ameacha nguo kwenye maji. Akatoka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuaga kwa maneno mengi.

"Hakuna safari," akasema mke wangu. "Haikuwepo. Hiyo fomu ilikuwa kwenye droo ya mdogo wangu ofisini."

"Mmenicheza shere ndani ya nyumba yangu?"

"Mwezi uliopita ulishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu. Ngozi ikatoka, wewe unaendelea na habari za mpira. Nikakuuliza, ukasema si kitu. Nikakuuliza mara ya pili, ukaenda kuoga. Nikajiuliza, ni wapi huyu mtu hawezi kwenda bila kuniambia ukweli? Nikaona theluji." Akaivuta fomu kutoka mbele yangu. "Kumbe hata huko ungekwenda. Hicho ndicho kinachonimaliza. Ungevaa hilo koti, ungepanda ndege, ungekwenda kuviacha vidole vyako juu ya mlima wa watu, ili mradi usiniambie mimi."

Nilikuwa na hasira nyingi na maneno mengi. Nikafungua mdomo, na lililotoka silo nililolikusudia.

"Ni sita," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Akaweka fomu pembeni, akaushika mkono wangu wa kulia juu ya meza kwa mikono yake yote miwili, akaubana. Alibana kwa nguvu sana. Nililijua hilo kwa sababu niliona kucha zake zikigeuka nyeupe.

"Unasikia?" akauliza.

Nikamwambia sisikii kitu. Akaendelea kubana.