Kwa Niaba ya Mgeni Rasmi

Aino alitua Mbeya akiwa na sanduku moja, kamusi moja na nia moja: kusoma kidato cha tatu mwaka mzima huku akiishi kwa Mzee Ahmadi, muuza maturubai wa Mwanjelwa. Alitoka Ufini, nchi ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, mtu anaweza kupita mtaa mzima bila kusalimiwa na asione vibaya. Bi Mwanakhamisi, mke wa Mzee Ahmadi, alimhurumia kwa hilo, akamwongezea chapati.

Mpango wa kubadilishana wanafunzi ulikuwa na sharti jepesi. Mgeni akihudhuria masomo sawasawa, mtoto wa nyumba iliyomlea naye huenda kusoma kwao mwaka unaofuata. Mtoto mwenyewe alikuwa Naima. Kichwani mwake Ufini ilishajengwa mpaka vichochoro, theluji imeshaanguka, na koti zito la baba yake limeshapunguzwa mikono. Kilichobaki ni Aino kukaa darasani tu.

Hapo ndipo utepe ulipoingia.

Ilianzia kwenye mahafali ya chekechea ya mtaani. Mgeni rasmi aliyealikwa hakutokea, watoto wanaungua ndani ya majoho, na mshereheshaji, kijana aitwaye Brayson ambaye hajawahi kushindwa na ukimya, akamwona Aino viti vya nyuma anatafuna karanga. Akamtangaza. Aino akapelekwa meza kuu, akapewa mkasi, akakata alichoonyeshwa. Alipoombwa neno, akasema yote aliyokuwa nayo: "Asanteni. Watoto ni wazuri. Njaa ipo."

Wazazi walitikisa vichwa kwa heshima. Hatimaye, walisema, kiongozi amelitaja suala la uji.

Kuanzia hapo hakupumzika. Alizindua mashine ya kusaga ambayo ilishasaga mahindi ya kata nzima. Alifungua choo cha soko. Aliingia, akatoka, akapigiwa vigelegele. Alikata utepe wa duka ambalo ndani halikuwa na kitu ila utepe mwingine. Ubao ukamkosa, mkasi ukamzoea. Yeye mwenyewe hakuona ajabu. Alidhani ni mojawapo ya masomo ya kidato cha tatu, akamuuliza Naima mtihani wake unafanyika lini.

Naima alimlilia baba yake akataze mialiko. Mzee Ahmadi alimsikiliza kwa upole, akamkumbusha kwamba kila sherehe ina jua au ina mvua, na vyote viwili vinahitaji turubai. Tangu Aino aanze kuzindua, duka lilikuwa linauza. Riziki haifukuzwi, alisema, akaenda kuswali.

Basi Naima akawaza kwa hasira, na hasira wakati mwingine huwaza vizuri. Alikumbuka kwamba wakubwa wa kweli hawafiki kwenye shughuli. Hutuma mtu. Asubuhi iliyofuata alimsukuma Aino darasani, akaenda mwenyewe kwenye uzinduzi wa kibanda cha kuoshea pikipiki, akamweleza Brayson kwamba mgeni rasmi amepata udhuru na amemtuma yeye kwa niaba.

Hakuna aliyenung'unika. Kinyume chake, heshima ilipanda. Kumbe yule binti ni mkubwa kiasi cha kutofika!

Naima akaijua kazi upesi. Unasimama, unasema itifaki imezingatiwa, unasikiliza risala ya shida zao mpaka mwisho, kisha unatamka: "Changamoto zenu nimezipokea, nitazifikisha panapohusika." Makofi. Soda. Nyumbani. Aino alikuwa darasani kila siku, anajifunza Pythagoras. Aliyekosekana sasa alikuwa Naima. Mwalimu Verediana, mkuu wa shule, alimwita akamwonya kwamba mratibu wa mpango anakuja kutoka Iringa, na asiyejulikana na walimu wake hapelekwi kujulikana Ulaya.

Naima aliapa kuacha. Ila mwaliko mmoja alikuwa ameshaukubali: akinamama wauza nyanya wa Ilula, ambao nyanya zao huuzwa Mwanjelwa karibu na duka la baba yake, walikuwa wanazindua umoja wao. Lori lililoshusha nyanya Mwanjelwa lilimbeba kwenye kiti cha mbele pamoja na Brayson, likapita Iringa, likawashusha kando ya barabara kuu walipopokewa na ngoma.

Mwenyekiti wao, Rozalia, mama wa makamo, alisoma risala yenye jambo moja tu. Jua linapika nyanya zao kabla hazijafika jikoni. Wanaomba kivuli.

Naima aliitikia shida yao kwa maneno yale yale. Makofi yakapigwa. Lakini Rozalia hakukaa.

"Samahani, mheshimiwa," alisema. "Hapo panapohusika ni wapi, mwanangu? Kila anayekuja anapataja. Tungepajua, tungeenda wenyewe."

Naima akanywa soda. Brayson akatangaza kwamba muda ni adui wetu sote.

Neno lile lilirudi naye Mbeya kama vumbi la nguo.

Mratibu alipofika shuleni alikuwa Bwana Zabron, mpole mwenye suti ya kijivu, na kwa kuwa hakuna anayefika mahali bila shughuli, alifanywa mgeni rasmi wa ukaguzi wake mwenyewe, Brayson akiwa mshereheshaji. Alivishwa shada. Alikata utepe wa mlango ambao wanafunzi walikuwa wameshaupita asubuhi. Mwalimu Verediana alimtaka Naima asome risala, maana shule nzima haikuwa na mzoefu kama yeye.

Naima alisoma habari za madawati na maji, akafika mwisho wa karatasi, akaendelea bila karatasi. Alisema Aino hakukosa kipindi tangu yeye alipoanza kukosa. Alisema alizikata tepe zile ili mwenzake asizikate. Alisema anaomba asinyang'anywe safari.

Bwana Zabron alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Itifaki imezingatiwa. Changamoto ya binti yetu nimeipokea, nitaifikisha panapohusika."

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Naima peke yake hakupiga. Aliijua ile sentensi kutoka ndani, kama mpishi anavyojua sufuria tupu.

"Samahani, mheshimiwa," alisema. "Panapohusika ni wapi?"

Kimya kilichoingia Brayson hakuweza kukiziba. Bwana Zabron alitazama chupa yake ya maji, akamtazama mwalimu, akatazama mbali kuelekea Iringa, kana kwamba ofisi ingemjibia. Katika maisha yake yote ya meza kuu hakuwahi kuulizwa.

"Ni kwangu," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Nafasi naigawa mimi."

"Basi imefika," alisema Naima.

Mtu mzima yule alicheka mpaka shada likamdondoka. Alimuuliza Aino kama ni kweli. Aino, ambaye sasa alikuwa na Kiswahili cha kutosha, alisema ni kweli tupu, ila amesikitika kufeli somo la utepe. Safari ya Naima ikapita pale pale, bila kutafutwa mkubwa mwingine wa kuipitisha.

Jioni Naima hakwenda kujipongeza. Alikwenda dukani akamkuta baba yake amekaa katikati ya maturubai yaliyopangwa mpaka darini. Akamsomea risala ya akinamama wa Ilula, neno kwa neno.

Mzee Ahmadi alisikiliza kwa upole ule ule. Akakohoa.

"Changamoto yao nimeipokea, mwanangu," alianza, "nitaifi..."

Kisha akaona jinsi binti yake alivyosimama mlangoni, akanyanyuka bila kumaliza, akaanza kushusha turubai la juu kabisa.